Hajarudi

Rafiki yangu mmoja anaishi kwa kufasiri. Hachagui: mikataba ya wakulima wa parachichi, maelekezo ya dawa za mifugo, barua za wafadhili wa shule. Siku moja alinipigia simu akiwa stendi ya Makambako, wapiga debe nyuma yake wakigombania abiria wa Njombe na Songea, akaniuliza swali ambalo hulitegemei kutoka mahali penye kelele kiasi kile: "Hivi, askari anaangukaje kwa Kiswahili?"

Alikuwa amepewa sentensi moja ya Kiingereza ya kuandikwa kwenye kibao. Ilihusu batalioni ya askari wa miguu ya Mwingereza iliyopigana kwenye nyanda hizi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ilitaka wakumbukwe wale ambao, kwa desturi ya Waingereza ya kusema jambo hilo, "walianguka". Sentensi moja tu. Alishalipwa nusu, na alikuwa na siku ya tatu hajaandika kitu.

Nilimcheka. Kisha nikakaa mwenyewe na kalamu, kicheko kikaniisha.

Kwetu mwanafunzi huanguka mtihani. Bei ya viazi huanguka msimu wa mavuno, na serikali nazo huanguka. Mwenye kifafa ana ugonjwa wa kuanguka. Aliyezidisha ulanzi huanguka njiani, asubuhi tukamsimanga. Ukiandika "askari walioanguka" kwenye kibao pale Njombe, mji wa ukungu na udongo mwekundu unaoteleza, msomaji wa kwanza atauliza kama mvua ilikuwa kubwa. Ni kweli akifa mtu mkubwa tunasema mti umeanguka, au mbuyu, hata kule ambako mbuyu hauoti. Lakini anayeanguka hapo ni mti, na ni mti mkubwa. Chifu anaweza kuanguka hivyo. Askari asiye na tepe hata moja begani hatujawahi kumpa heshima ya kuwa mti.

Nikajaribu mengine. "Waliopoteza maisha": magazeti yanalipenda, nami kila nikilisoma naona mtu anapapasa mifuko akitafuta funguo. "Waliojitoa mhanga": lilikuwa neno zito, lakini taarifa za habari za miaka ya karibuni zimelifunga mabomu kiunoni, na halitarudi lilivyokuwa. (Mhanga, kwa wapenda wanyama, ni yule anayechimba mashimo usiku kutafuta mchwa. Yeye hajitoi kwa ajili ya mtu.) Isitoshe, kujitoa ni kwa hiari, na hiari ndiyo hasa iliyokosekana katika habari hii. "Waliouawa" lina ukweli wake, ila si kwa wote, maana wengi kati ya waliokufa katika vita ile ya kwetu hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa vichomi, kwa njaa, kwa baridi na mizigo.

Hatimaye nikamwandikia: "Jaribu *waliofia vitani*." Hilo ni Kiswahili safi, na kiambishi chake kimefanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba -fia haikubali kukaa peke yake. Mtu hufia mahali, au hufia jambo, au humfia mtu. Ukisema alifia, sarufi yenyewe inakudai: alifia wapi, alimfia nani? Na ukiigeuza upande wa pili inakuwa kufiwa, kitenzi ambacho lugha nyingi hazina, cha yule aliyebaki nyumbani. Jeshi la Mfalme liliandika waliofia. Nani aliandika waliofiwa?

Rafiki yangu alijibu kwa herufi tatu: "Mmh."

*

Neno la pili lililomkwaza lilikuwa batalioni. Hilo nilimwambia aliache lilivyo. Limevishwa irabu zake, limekaa. Jeshi letu la leo lina kikosi. Ukipita barabara kuu utaona vibao vyenye namba na herufi KJ, kama 841 KJ ya Mafinga, yaani Kikosi cha Jeshi. Neno kikosi ni zuri ila limekuwa la kila mtu: kikosi cha zimamoto, kikosi cha Yanga kitakachoanza leo. Kamusi inakumbuka pia kwamba kikosi ni nyuma ya shingo, pale jua linapochoma mtu akiinama kulima. Sidhani kama maneno hayo mawili ni ndugu. Hata hivyo huwa nayaona pamoja, kwa sababu askari wa wakati ule tunamwona hivyo tu, kikosi chake, akiwa ameshatupa mgongo.

Lakini wazee wa Njombe hawakuwa na batalioni wala kikosi. Walikuwa na Keya. "Babu yako mkubwa alikwenda Keya." Ni herufi tatu za King's African Rifles, KAR, jeshi lililoundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi madogo ya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Masikio ya kwetu yalizichukua herufi hizo yakazifanya jina la mahali. Angalia sarufi yake: mtu hakuwa Keya, alikwenda Keya, kama mtu anayekwenda Songea. Neno pekee ninalolijua lililotembea njia ileile ni manamba. Vijana wa Ubena na Ukinga walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kila mmoja alipewa namba, na kutoka kwenye namba hiyo likazaliwa neno. "Alikwenda manamba." Kijana wa Njombe wa miaka ya 1940 alikuwa na nchi mbili za kwenda ambazo hazipo kwenye ramani yoyote, Keya na Manamba, na zote mbili zilimjua kwa tarakimu.

Keya ya Tanganyika ilikuwa batalioni ya sita, na namna ilivyozaliwa inamfaa mpenda maneno. Iliundwa upya mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, kwa kuchukua askari waliokuwa wa Mjerumani, wakatekwa, wakabadilishwa kofia. (Kuteka: mtu huteka maji kisimani, na huteka watu. Mateka ni waliochotwa.) Watu wale walipohama jeshi walihama na maneno yao. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alipokuja pwani mwaka 1889 kuzima upinzani wa Abushiri alikuwa ameandika askari Wasudani huko Cairo, waliozoea vyeo vya Kituruki: ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, shaush, sol, na juu yao efendi. Mjerumani akaviacha vyeo hivyo vikae. Akaja Mwingereza na koplo na sajini wake, ombasha na shaush wakafa kifo cha kimyakimya. Efendi hakufa moja kwa moja. Mwingereza mwenyewe alimfufua miaka ya mwisho ya ukoloni, akamfanya cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika wa Keya angeweza kupewa. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Leo bodaboda wa Makambako akisimamishwa na trafiki husema "afande" mara tatu kabla ya kuulizwa leseni, bila kujua kwamba anasema Kituruki.

Sajini naye ana lake. Jeshini kuna cheo cha sajinitaji. Taji hilo ni la mfalme wa Uingereza: alama ya taji iliyokaa juu ya tepe tatu kwenye mkono wa shati la Keya. Ufalme umeondoka na bendera yake, Jamhuri ikaingia, na taji lake likabaki limening'inia mwishoni mwa neno. Hakuna aliyeona haja ya kulivua.

*

Sentensi ya rafiki yangu, tulipoichunguza, haikuhusu batalioni ya sita. Ilihusu ya kwanza, iliyotoka Nyasaland. Mwaka 1916 Jenerali Edward Northey aliingia kutoka kusini-magharibi na safu zake: Keya hao wa Nyasaland, polisi wa Rodesia ya Kaskazini, Makaburu na wengine. Katikati ya mwaka ule Njombe ikawa mikononi mwake; Julai wakapigana Malangali; mwisho wa Agosti wakafika Iringa. Kisha mambo yakageuka. Jenerali Wahle wa Kijerumani, akirudi nyuma kutoka Tabora, alishuka juu yao kama maji yaliyovunja tuta. Lupembe ikazingirwa. Mwezi Novemba, kwenye misheni ya Ilembule, leo Ilembula ya Wanging'ombe, sehemu moja ya watu wake, Wajerumani zaidi ya 50 na askari karibu 250, wakasalimu amri.

Kusalimu amri! Lugha nyingine husema kushindwa, kutupa silaha. Sisi tunaisalimu amri kama tunavyomsalimu mkubwa njiani, tunaishika mkono, na ndani ya salamu hiyo imekaa salama. Kujisalimisha ni kujitia usalamani. Aliyelitunga neno hilo aliwahi kuwa upande ulioshindwa, akatoka hai.

Basi askari waliopita Njombe chini ya bendera ya Mwingereza wengi wao walikuwa Wayao, Wangoni wa Nyasaland, Wanyanja, na lugha ya batalioni zao ilikuwa Kinyanja. Ndiyo maana kusini huku, katika habari za vita ile, utakutana na neno ambalo halikuvuma pwani: tengatenga. Ndio wachukuzi. Kwa Kinyanja kutenga ni kuchukua. Kwa Kiswahili kutenga ni kuweka kando, na tenga ni kile kikapu kikubwa cha kusafirishia nyanya, unachokiona leo kimepangwa ghorofa kwa ghorofa juu ya malori pale Makambako. Kwa bahati tu, kwa kugongana kwa sauti, neno moja lilibeba maana tatu, na zote tatu zilimpata mtu yuleyule: alichukua, alikuwa chombo, aliwekwa kando.

Pwani na kaskazini walisema mpagazi, nalo tamu kulichimba. Kupagaa ni kubeba begani, na ni kitendo cha pepo anapompanda mtu. Mpagazi hubeba, aliyepagawa amebebwa, au amebebeshwa. Kisha jeshi likaleta neno la tatu, jina la Kiingereza la kikosi chenyewe cha wapagazi, na Dar es Salaam ikalitafuna hadi likawa Kariakoo. Wapagazi walikusanywa pale, kwenye jengo la soko ambalo Mjerumani hakuwahi kulifungua. Nani leo, akibishana bei ya kitambaa Kariakoo, anajua kwamba amesimama ndani ya jina la kikosi cha jeshi? Huwa najiuliza kama si ukumbusho mkubwa kuliko yote tulio nao: unatajwa mara elfu kwa saa, na hakuna anayeukumbuka.

Kwa kila askari mwenye bunduki palihitajika wachukuzi kadhaa, kwa sababu wanyama walikufa kwa ndorobo na barabara zilikuwa matope. Unga wa askari ulibebwa na mtu, na mtu huyo naye alikula unga, na unga wa mbebaji ulihitaji mbebaji mwingine. Hesabu hiyo ilivimaliza vijiji. Ubena ulipitiwa zaidi ya mara moja. Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck mwenyewe, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alikatiza hapa akielekea Rodesia ya Kaskazini, akamwacha nyuma Wahle aliyekuwa mgonjwa. Mwezi uliofuata, tarehe 25, von Lettow alisalimu amri Abercorn, mji tunaouita leo Mbala. Nyuma yake ukaja ugonjwa wa mafua makali uliokuwa unaizunguka dunia nzima, ukakuta watu waliokwisha kukondeshwa.

Dar es Salaam kuna sanamu la askari, lililozinduliwa mwaka 1927 mahali aliposimama Wissmann wa shaba kabla Waingereza hawajamshusha. Maandishi yake ni ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza alitunga Rudyard Kipling. Wapagazi wametajwa humo kwa sifa: walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimeyasoma mara nyingi nikisubiri daladala, na kila mara nasita palepale. Ni sifa, sawa. Lakini mwili uliopewa miguu na mikono haukupewa kichwa, na kwa hiyo haukupewa kinywa. Mwishoni mna ahadi kwamba aliyepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa chini ya sanamu ambalo halina jina hata moja la mtu aliyeahidiwa.

Si kwamba majina yalishindikana kuchongwa. Nenda makaburi ya vita ya Iringa uone mawe ya Wazungu, wa pande zote mbili, jina, cheo, tarehe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba waliokufa kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa isivyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili za mwisho ndilo linalonishika. Kukosea kwa watu 234,000 kunaitwa makadirio.

*

Vita yenyewe, kwa sarufi, ni neno gumu. Liko kwenye ngeli ya vi-, nalo halina umoja. Hakuna "kita". Mwalimu wangu wa Kiswahili alitukata alama kwa kuandika "vita ya", na hapohapo vitabu vya historia vilivyokuwa mezani mwake vilisema Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kanuni ikishindana na mazoea, mazoea hutangulia kufika. Lakini napenda lile "vita vya" la zamani. Linakataa kuhesabu vita kimoja kimoja, na kwa watu wa nyanda hizi halikukosea: Mkwawa na Mjerumani, Majimaji, Mjerumani na Mwingereza, Hitla. Bibi yangu alisimulia vyote kwa pumzi moja, nami nilikuwa mkubwa nilipogundua kwamba palikuwa na miaka ya amani katikati.

Vile vya Hitla viliipeleka Keya mbali kuliko Keya yoyote kabla yake, na orodha ya mahali ilipokwenda ni kamusi ya pekee. Walikwenda Habeshi. Walikwenda Bukini, jina letu la kale la Madagaska, ambalo mabaharia wa pwani walilitumia kabla ya ramani za shule kulifuta. Mwaka 1942 kijana wa Njombe aliyekuwa hajawahi kuiona bahari alivushwa kwenda huko kumpiga Mfaransa, na hakuelezwa vizuri kwa nini ni Mfaransa. Walikwenda Seloni kufundishwa vita vya msituni, kisha Bama. Batalioni ya 26 na ya 36, zote za Tanganyika, zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko hadi mto Chindwin. Waliochapishiwa gazeti la Kiswahili wakiwa huko waliliona limeitwa Heshima. Mhariri alijua anachokitafuta msomaji wake.

Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Shaaban Robert aliandika utenzi mrefu kuhusu vita hivyo akauita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Wasomaji wa leo hutabasamu: uhuru gani, mwaka 1945, Tanganyika ikiwa chini ya gavana? Mimi siwezi kutabasamu. Neno uhuru lilikuwa halijapata siku yake ya mapumziko wala wimbo wa taifa, na yeye alilichukua akalipandisha kichwani mwa vita vya watu wengine, kana kwamba anaandika deni ambalo mdaiwa hajalisoma.

Na lipo neno moja lililorudi kutoka vitani likapewa nyumba. Mei 1941, huko Habeshi, batalioni ya sita ilipigana mahali paitwapo Colito. Sajini mmoja Mzungu wa Kenya, Nigel Leakey, alipata pale nishani ya juu kabisa ya Uingereza baada ya kufa. Jina hilo likaletwa Dar es Salaam likawa la kambi: Colito. Ndipo askari wa Tanganyika, waliobadilishiwa jina la jeshi tu mwaka 1961, walipoasi Januari 1964. Jeshi likavunjwa, likaundwa jipya tarehe 1 Septemba, na kambi ikaitwa Lugalo. Lugalo ni kwetu kule juu, Uhehe, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa waliiangamiza safu ya Mjerumani Zelewski. Naelewa kwa nini walibadilisha, na ningekuwepo ningepiga makofi. Ila kubadilisha kibao getini kuna gharama ambayo haionekani kwenye bajeti: Waafrika waliokufa Colito, ambao hawakupata nishani kama hiyo, walikuwa wamebakiwa na neno hilo moja tu mjini, nalo likaondolewa pamoja na aliyewatuma.

*

Mteja wa rafiki yangu alitaka neno mashujaa liwemo. Shujaa ni neno la Kiarabu, na kwetu lina siku yake, tarehe 25 Julai, ambapo Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara na Mkuu wa Majeshi huweka sime. Napenda kwamba tulikataa kuishia kwenye shada la maua. Kwa miaka mingi wazee wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wakisaidiwa kupanda ngazi siku hiyo, makoti yamewazidi mabega, nishani zinagongana. Kila mwaka walipungua.

Sina ugomvi na shujaa. Nasema tu kwamba ni neno la anayetazama kutoka jukwaani. Yule mwenye tenga la unga kichwani, akipanda mlima wa Lupembe kwenye mvua kwa sababu jumbe alitaja jina lake, alikuwa akifikiria miguu yake.

Nikamsimulia rafiki yangu habari ya kwetu. Babu yangu alizaliwa katika watoto sita. Wa pili alikwenda Keya na hatukupata barua wala sanduku wala mtu wa kutuambia. Hakuna aliyejua kama ni Bama au ni majini. Bibi hakutumia kwake neno lolote kati ya haya niliyoyachambua. Akiulizwa, alisema: "Yule hajarudi." Nilisikia sentensi hiyo mwaka 1985, vita vikiwa vimekwisha miaka arobaini.

Wanaojifunza Kiswahili ukubwani huteswa sana na tofauti hii, nasi tuliozaliwa nayo hatuioni. Hakurudi: habari imefungwa. Hajarudi: bado. Kiambishi -ja- kinaacha mlango wazi, hakisemi lini wala kama kweli. Kwa mtu ambaye hakuzikwa, ambaye hakuna aliyemwona akifa, matanga hayana pa kuanzia. Kitu pekee kinachoweza kumvusha kutoka kwa walio hai kwenda kwa wafu ni mtu wa nyumbani kuamua, siku moja, kubadilisha kiambishi. Bibi hakubadilisha.

Rafiki yangu alinyamaza kwenye simu. Kisha akasema mteja hatakubali: "Kibao hakiwezi kusema *hawajarudi*. Watadhani tunawasubiri." Akaandika "waliofia vitani", akamaliziwa malipo yake.

Babu alipofariki, tulikutana Njombe, familia nzima, mwezi wa Juni, baridi ya kukata masikio. Binamu yangu, kijana wa kompyuta, ndiye aliyeandaa wasifu wa marehemu. Alitaja wazazi, ubatizo, shule, ndoa, kisha ndugu wa marehemu mmoja baada ya mwingine, na kwa yule wa pili akaandika kama ambavyo mtu yeyote aliyesoma angeandika: alikwenda vitani na hakurudi. Akapeleka stendi kuchapisha nakala mia mbili.

Shangazi alizipokea jioni, akavaa miwani, akasoma hadi hapo, akaacha. Hakugomba. Aliomba kalamu nyeusi na taa, akaketi jikoni karibu na moto, akawa anachukua nakala mojamoja kutoka kwenye rundo la kushoto, anafuta -ku-, anaandika -ja-, anaweka kulia.